Balbu kumi za 12V kwa redio ya Premio: nimebadilisha mwenyewe, na haya ndio niliyoyaona

Kama una gari la Kijapani la kitambo na redio yake inaimba vizuri tu lakini usiku uso wake ni giza totoro, soma hii kabla hujamwacha mtu aing'oe. Mimi niko Busia, upande wa Uganda, naendesha Corona Premio ya 1999, napeleka abiria Mbale, Jinja, Kampala, na redio iliyomo ni ile ile ya Toyota iliyokuja na gari, yenye mdomo wa kaseti na wa CD. Nimekaa nayo miaka saba. Sauti yake hakuna redio mpya ya bei yangu imewahi kunifurahisha kama hiyo, na siku niliyoambiwa nitupe niliumia kweli.

Niseme mapema kwamba ninachopima hapa ni pakiti moja ya balbu, haina jina wala nembo, ni kimfuko cha plastiki kina balbu kumi ndogo za waya mbili, 12V, kioo chake unene wa milimita 4 hivi, pamoja na vikofia kumi vya mpira vya kijani. Nililipa shilingi 12,000 za Uganda. Na kwa sababu balbu bila kazi ya kuziweka haina maana, nitaeleza na kazi yenyewe ilivyokwenda.

Sasa mtu atauliza, si redio inaimba, giza linakusumbua nini? Linasumbua sana. FM ya Japani kwenye magari ya miaka ile inaanzia 76 na kuishia 90, na sisi huku stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo wengi wetu tumewekewa kile kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kinashusha namba ili redio iweze kushika. Changu kinashusha kwa 10. Yani nikifika Mukono nikitaka Capital ya 91.3 natafuta 81.3 kwenye skrini, nikitaka KFM ya 93.3 natafuta 83.3, Simba ya 97.3 inakaa 87.3. Hesabu ndogo, nimeizoea, lakini hesabu hiyo inafanywa kwa macho, na kama skrini haionekani unabaki kuzungusha gizani huku trela inakuja mbele yako na taa kali, pale Mabira barabara ilivyo na giza la miti. Hapo ndipo niliposema hii kitu lazima itengenezwe. Na ukitoa betri hata mara moja zile namba ulizohifadhi kwenye vitufe zinafutika zote, unaanza upya, gizani.

Giza lenyewe halikuja siku moja. Kwanza vitufe vya kushoto vilizima, nikasema sawa. Baada ya miezi nusu ya skrini ikafifia, ile nusu ya kulia ikabaki inawaka kama kiporo cha moto, halafu usiku mmoja natoka Iganga nayo ikaenda.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, Kampala, hakuifungua hata. Aliiangalia tu kupitia dirishani akasema, "Boss, hizi zimepitwa, weka ya Android, 350,000 na kazi ndani." Nikamuuliza balbu je? Akasema balbu za hizi hazipatikani. Sio kweli, na huyo sitamtaja. Lakini kuna jambo hakuniambia ambalo nilikuja kuliona kwa gari la rafiki yangu: redio nyingi za kiwandani za Toyota zina upana wa milimita 200, na redio za kawaida za dukani zina upana wa 180, kwa hiyo ukiweka mpya inabaki nafasi ya sentimita moja kila upande. Inabidi utafute vipande vya plastiki vya kuziba, usipovipata dashibodi inakaa kama mdomo uliong'oka meno. Ya rafiki yangu imezibwa kwa karatasi ya gundi nyeusi. Gari zuri, na kila ukiingia jicho linaenda pale.

Kabla hujanunua chochote hakikisha kweli ni balbu. Hii ni dakika tano. Washa taa ndogo za gari, uangalie kama dashi, hita na kitufe cha hazadi vinawaka. Kama vyote vimezima, hiyo ni fyuzi ya taa za nyuma au waya, na balbu hazina hatia. Kama vingine vinawaka na redio peke yake ndio giza, na redio inaimba, basi ni balbu zake. Angalia pia kile kinobu cha kupunguza mwanga wa dashi, manake nimewahi kuona mtu amekizungusha mpaka mwisho wakati anafuta vumbi halafu analalamika gari limekufa taa. Na mulika skrini kwa tochi ya simu kutoka pembeni: ukiona namba zimeandikwa vizuri lakini hakuna mwanga nyuma yake, kioo ni kizima.

Mara ya kwanza nilinunua hapa hapa Busia, na nilikosea, na nataka wewe usikosee. Busia ni mji wa malori. Maduka ya speya yamejaa vitu vya 24V kwa sababu malori yanatumia 24V, na balbu ndogo ya 24V na ya 12V kwa macho ni mapacha. Niliuziwa nne, nikafurahi, nikaja nikaunganisha moja kwenye betri, ikawaka nyekundu hafifu kama sigara. Nikadhani ndio mwanga wake. Mtoto wa dada yangu anayetengeneza simu ndiye aliyeniambia, "Anko, hiyo ni ya lori, kwa gari lako inapata nusu ya chakula." Kwa hiyo sema namba kwa mdomo, 12V, na omba ujaribiwe moja palepale. Pia usichukue yenye nguvu kubwa kwa tamaa ya mwanga. Balbu za ndani ya redio ni ndogo kweli kweli, zinakula karibu miliampea 60, ambayo ni chini ya wati moja, na zimebanwa ndani ya plastiki. Ukiweka yenye joto mara tatu, ile plastiki nyeupe inayosambaza mwanga nyuma ya skrini itabadilika rangi na kupinda, na hiyo haiuzwi.

Pakiti ya kumi niliipata Kampala kwenye kibanda cha vipande vya redio na tivi. Kijana wa pale alinijaribia moja kwenye betri yake bila kuombwa mara mbili, akanipa na kofia za rangi nilizotaka, kijani, manake vitufe vya Toyota ya zamani vina ule ukijani wake. Hapo sina lalamiko. 1,200 kwa balbu moja, kwa kitu ambacho kikitoka kiwandani Japani kinauzwa mara nyingi zaidi ya hapo, ni bei nzuri.

Lakini sasa ubora. Nilizijaribu zote kumi kabla ya kufungua redio, na kama kuna neno moja tu utakalobeba kutoka hapa ni hilo, jaribu zote, na uzijaribu kwa muda. Nilifunga waya mbili zenye vibanio kwenye betri ya gari nikawasha injini, manake betri ikiwa imelala inasoma 12.6 hivi, lakini injini ikinguruma ya kwangu inapanda mpaka 14.2, na huko ndiko balbu itaishi maisha yake yote. Moja haikuwaka kabisa, waya wa ndani ulikuwa umekatika tangu mfukoni. Ya pili iliwaka vizuri, dakika ya arobaini ikazima kimya. Ya tatu iliwaka kali kuliko wenzake, nikaweka multimita, kile kipima umeme, ikasoma miliampea 90 wakati hizo nyingine zilikuwa kati ya 58 na 65. Ile kali sikuitupa ila sikuiweka karibu na skrini. Kwa hiyo kati ya kumi saba zinalingana, moja ni ya kutumia kwa uangalifu, mbili ni takataka. Fikiria ile iliyokufa dakika ya arobaini ningekuwa nimeshaifungia ndani, nimerudisha skrubu zote, nimerudisha dashi. Ningelia.

Kama huna muda wa kukaa na injini, multimita peke yake inaweza kukutolea zile zilizokatika: balbu nzima ikiwa baridi ilinisomea omu ishirini hivi, iliyokatika haisomi kitu. Lakini dhaifu hutaijua bila kuiwasha.

Kufungua gari. Toa waya hasi wa betri kwanza, usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu chochote kwenye dashi, kwa sababu ya mifuko ya hewa, na ukiona konekta ya njano popote usiiguse, hiyo ni ya mifuko hiyo. Kwa gari kama Honda hakikisha una namba ya siri ya redio kabla ya kutoa betri, nyingi zinaiomba. Ya Toyota yangu haikuniomba kitu. Ile fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa kwa klipu tu, unaivuta kwa vidole ukianzia chini, bisibisi bapa ukitumia ifunge kitambaa manake plastiki ya 1999 imekauka na inachubuka. Ndani utaona bolti nne za spana namba 10. Redio inatoka na mabano yake, unachomoa plagi nyuma na waya wa antena, basi.

Sasa redio iko mezani. Hapa sikuharakisha. Nilichukua trei ya mayai, kila hatua skrubu zake nikaziweka kwenye shimo lake kwa mpangilio, na kila hatua picha ya simu. Uso wa redio unatoka kwa kuvuta vinobu viwili, skrubu ndogo pembeni, na vijino vya plastiki kama sita kuzunguka ukingo ambavyo unavifungua kimoja kimoja bila kulazimisha. Nyuma ya uso kuna bodi ndogo, inaungana na mwili wa redio kwa konekta, inachomoka moja kwa moja kuelekea kwako.

Mpwa wangu alikuwa amesimama pembeni na onyo lake moja ambalo nalipitisha kwako: usikifungue kioo cha skrini kutoka kwenye fremu yake. Kati ya kioo na bodi kuna mpira mwembamba wenye mistari midogo midogo, hiyo mistari ndiyo inayobeba umeme wa kila kijistari cha namba, ukiusogeza hata nusu milimita namba 8 inarudi ikiwa 6 au 3 na utashinda siku nzima ukibahatisha. Kwa bahati kwenye yangu balbu zinafikika kwa nyuma, miguu yake imepita kwenye bodi na kupigwa solda upande wa pili, kioo hakikuhusika.

Na hapo nilipozitoa ndipo nilipoelewa miaka yote ile. Balbu ya kwanza ilipotoka niliiweka kiganjani. Ni ndogo kama punje ya mpunga. Kioo kimekuwa cheusi ndani, kile cheusi kinachong'aa kidogo kama kioo cha taa ya chemli iliyochomwa utambi mrefu, na huo weusi ndio waya wenyewe, unaruka kidogo kidogo kwa joto kila usiku na kujipaka kwenye kioo, waya unazidi kuwa mwembamba, mpaka kishimo kimoja cha barabara kinaukata. Kikofia chake cha kijani kilikuwa kimekakamaa, ukikibana kinapasuka kama ganda la karanga. Miaka zaidi ya ishirini. Niliziweka zote tano kwenye kifuniko cha soda, mbili za skrini na tatu za vitufe, na bado ninazo.

Kutoa solda ya zamani inahitaji subira. Ile solda imezeeka, ukiweka chuma cha solda juu yake haiyeyuki vizuri, na mtu anaongeza muda, na muda ndio unaoua bodi. Dawa yake ni kuongeza solda mpya kidogo juu ya ile ya zamani, inachanganyika, inayeyuka haraka, halafu unavuta mguu wa balbu kwa kibanio. Chuma cha wati 30 kinatosha, usizidi sekunde tatu, ukishindwa ondoa, acha ipoe, rudi. Mimi kwenye balbu ya kwanza nilizidisha, kile kiduara cha shaba kikanyanyuka kutoka kwenye bodi. Nilishtuka. Mpwa akaangalia, akafuata njia ya shaba kwa jicho mpaka sehemu inayofuata ya solda, akaniambia tunaruka kwa waya kutoka hapa mpaka pale, haina shida, anko.

Na hapo ndipo likaja wazo ambalo sasa naona ndilo bora zaidi katika kazi yote. Badala ya kuruka kwa waya mtupu, tukaruka kwa rezista, kile kidude kidogo kinachopunguza umeme, ya omu 22 ya robo wati. Balbu za waya zina tabia hii, volti ikizidi kwa asilimia 10 tu maisha yake yanashuka mpaka karibu theluthi, na ukiipunguzia kiasi hicho hicho inaongeza maisha vivyo hivyo, mara tatu hivi. Kwa miliampea 60, omu 22 inakula volti 1.3 hivi, kwa hiyo ile 14.2 inabaki 12.9. Mwanga unapungua, lakini kwa skrini ya usiku unapungua kwa kiasi ambacho jicho linazoea baada ya dakika mbili. Tukaweka na kwenye balbu ya pili ya skrini ili zilingane. Za vitufe sikuziwekea.

Urefu wa mguu ni kitu kingine wanachopuuza watu. Balbu lazima ikae ndani ya tundu lake la plastiki kwa kina kile kile cha ya zamani. Ikizama sana upande mmoja wa skrini unakuwa na kivuli, ikitokeza sana inagusa plastiki. Mimi nililaza ya zamani kando ya mpya nikakata miguu kwa kuilinganisha, vinginevyo unakisia.

Vikofia vilivyokuja na pakiti ndio udhaifu wake wa pili baada ya zile balbu mbovu. Kijani chake kimeelekea ubuluu kidogo. Peke yake kizuri, lakini hita yangu chini ya redio bado ina balbu zake za zamani zenye kijani cha majani, na usiku vitufe vya redio na vya hita vinaonekana wametoka nyumba mbili tofauti. Mimi inanisumbua, mke wangu anasema haoni tofauti. Kwa skrini niliokoa vikofia viwili vya zamani ambavyo havikuwa vimepasuka, nikavivua kwa kucha taratibu sana, vikakubali kuvaa balbu mpya. Kama vyako vinaweza kuokolewa viokoe.

Kuna watakaosema kwa nini hukuweka LED, ndio dunia ya sasa. Niliweka. Kabla ya kufunga niliweka LED mbili nyeupe za milimita 3 kwenye nafasi za skrini, kila moja na rezista ya omu 1,000, inapitisha miliampea 11 hivi injini ikiwa imewaka, salama kabisa. Faida zake ni za kweli, hazipati joto, zinakaa miaka. Lakini LED inatupa mwanga mbele kama tochi, balbu inautupa pande zote, na ile plastiki ya kusambaza mwanga ilitengenezwa kwa balbu. Matokeo yake skrini ilikuwa na macho mawili makali na katikati kuna giza. Nilizisugua vichwa kwa msasa mpaka zikawa na ukungu, ikasaidia nusu. Rangi ikawa ya baridi, ile ya hospitali. Na nilipozungusha kinobu cha kupunguza mwanga hazikushuka taratibu, zilikaa zilikaa halafu zikazima ghafla. Pia LED ina upande, ukigeuza miguu haiwaki, wakati balbu haina mbele wala nyuma. Nikazitoa. Kwa gari la mtu anayependa buluu kali sawa, kwa gari linalotembea usiku na macho yanayotaka kupumzika mimi nasema balbu ya waya.

Kabla ya kurudisha skrubu zote niliunganisha redio ikiwa nusu uchi kwenye gari, plagi tu, waya zimening'inia, nikarudisha betri, nikawasha taa ndogo. Ilikuwa kama saa moja na nusu jioni. Skrini ikaja. Sikusema kitu, nilikaa tu kwenye kiti. Mpwa ndiye aliyepiga makofi. Namba zikasimama 76.0 kwa sababu kumbukumbu ilikuwa imefutika, kijani kile kile nilichokikuta siku ya kwanza nimenunua gari, na kitufe namba 3 ambacho maandishi yake yamefutika kwa kidole changu kikawaka katikati kukawa na kiduara cha mwanga pale ambapo tarakimu ilikuwa.

Gharama kamili, kwa anayepiga hesabu: balbu 12,000, rezista mbili pamoja na solda 3,000, chuma cha solda na multimita vya mpwa, nauli siihesabu kwa kuwa nilikuwa na abiria. Ukilazimika kununua chuma cha solda cha bei ya chini ongeza, na ukinunua kichague chenye ncha nyembamba, ile nene ya kuchomelea sufuria inakuharibia bodi. Muda wangu ulikuwa alasiri nzima, kama saa tano pamoja na majaribio ya LED. Mtu wa mara ya pili atatumia mbili.

Sasa ni mwezi wa tano tangu niifunge. Barabara ya Busia hadi Kampala, karibu kilomita 200, nimeipita mara sijui ngapi na matuta yake yote, balbu za skrini zinawaka sawasawa kushoto na kulia. Moja ya vitufe, upande wa CD, imeanza kupungua, nadhani naijua ni ile kali ya miliampea 90, nilijua itatangulia. Kwa hiyo pakiti hii naipa nyota nne kwa bei yake na kwa mwanga wake, hiyo ya tano nimeikata kwa zile mbili mbovu na rangi ya vikofia. Ningenunua tena, na ningejaribu zote tena.

Ukikuta balbu za hita yako zina kikalio cha plastiki cha kuzungusha robo duara, hizo ni rahisi zaidi, hazitaki solda, lakini pakiti hii haizifai, hizi ni za waya mtupu. Za kwangu nimezichungulia kwa tochi, zina kikalio. Balbu tatu zilizobaki nimezifunga kwenye karatasi ndani ya droo ya dashi, nimeandika juu yake 12V kwa kalamu nene ili zisije zikachanganyika na zile nne za lori.